Mstaafu Aliyezamisha Kompyuta

Mtaa mzima wa Sekei, hapa Arusha, tulimwita Mstaafu, naye aliitika, ingawa hakuna aliyekuwa hajui kwamba hakustaafu. Alipunguzwa. Ilikuwa miaka ile ya ubinafsishaji, mashirika ya umma yakipunguzwa uzito ili yapate mchumba, na watu waliokwenda kazini Jumatatu wakarudi Ijumaa na barua kwenye bahasha ya kaki. Wengine walilewa, wengine walirudi kijijini kulima. Yeye alirudi nyumbani, akapanga zana zake za umeme ukutani kwa ukubwa, akatangaza kwamba amestaafu. Alikuwa na miaka hamsini na kidogo. Ukitaja neno "kupunguzwa" mbele yake alikurekebisha kwa upole uleule, siku zote: "Nimestaafu, Mama Steshenari. Nimestaafu."

Mama Steshenari ni mimi. Nina duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi, na nilikaa naye ua kwa ua miaka kumi na tisa. Mimi ni Mmachame, mjane, na nina mdomo. Nasema mapema ili msomaji asije akadhani nilikuwa jirani mwema wakati wote.

Kazi yake kwenye shirika la umeme ilikuwa transfoma. Zile ndoo kubwa za kijivu unazoziona juu ya nguzo, alizifungua, akazisafisha, akazijaza mafuta na kuzirudisha juu kwa miaka ishirini na sita. Kazi hiyo ilimwachia mkono wa ajabu. Hakugusa kitu chochote kwa kiganja kabla ya kukigusa kwa mgongo wa mkono. Fundi umeme anayejipenda hujifunza hivyo, maana umeme ukikupata kiganjani unakukunja vidole ukashika waya usiachie, lakini ukikupata mgongoni mwa mkono unakutupa pembeni. Basi Mstaafu alikigusa kikombe cha chai kwa mgongo wa mkono, akaligusa komeo la geti langu kwa mgongo wa mkono, na siku ya kipaimara cha mwanangu nilimwona anagusa keki. Nilimwambia, "Mzee, hiyo haina umeme." Akajibu, "Hujui nani ameipika."

Alikuwa na meno ya maji ya Meru kama sisi wengi tuliokulia huku, ya kahawia tangu utotoni, na alicheka akiwa amefunika mdomo. Lakini aibu yake iliishia hapo kwenye meno. Aliandika namba kwa rangi nyeupe juu ya kila kitu alichomiliki, kama zilivyoandikwa nguzo. Miparachichi yake ilikuwa na namba. Mbuzi wake walikuwa na namba kwenye pembe. Mkewe, Mama Anaeli, alikuwa akinituma kwa sauti ya juu kutoka jikoni, "Mdogo wangu, nichumie parachichi mbili, mti namba nne, namba tatu bado!" na mimi, mtu mzima, nikawa nahesabu miti ya watu.

Jambo la kuchekesha kuliko yote ni kwamba shirika lilimwondoa lakini yeye hakuondoka. Umeme ukikatika, na miaka ile ya mgao ulikatika kuliko ulivyowaka, watu walitoka nje na kumpigia kelele yeye. "Mstaafu! Vipi tena huko?" Mtu mwingine angesema hayamhusu. Yeye alisimama barazani, akatazama nguzo, akajibu kwa utulivu wa mwenye ofisi, "Tunashughulikia." Umeme ukirudi, hata kama ni kesho yake, watu walimshukuru, naye alizipokea shukrani hizo.

Alikuwa mwaminifu hadi kero. Huyu ndiye aliyekwenda Kikatiti kwa shemeji yake, kaka wa damu wa Mama Anaeli, akakuta nyumba imeungwa umeme moja kwa moja bila mita, akapanda ngazi na kukata, siku moja kabla ya sherehe. Wageni walikula ubwabwa kwa taa za chemli. Mama Anaeli hakumsemesha wiki mbili. Lakini mtu huyohuyo alivaa kila Jumapili koti zito la shirika ambalo sheria ilimtaka alirudishe, na ambalo aliandika kwa mkono wake kwamba limepotea. Nilimuuliza habari ya hilo koti. Akasema, "Lilipotea. Halafu nikalipata." Na koleo lake la umeme lilikuwa mfukoni mwa koti hilo, kanisani, katikati ya ibada.

Alinisimulia mara tatu habari ya Momela, kule hifadhini. Alikuwa juu ya nguzo, nyati wakaja wakasimama chini, wenzake wakawasha gari na kukimbia. Alikaa juu tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi. Ningekuwa mimi ningelia. Yeye, kwa kuwa alikuwa huko juu tayari na spana alikuwa nayo, alikaza kila kilichokazika. Alimalizia simulizi hiyo kwa maneno yaleyale kila mara: "Ile nguzo haijasumbua tena mpaka leo." Habari za nyati hakuzijali. Nadhani hapo ndipo nilipomwelewa kidogo: huyu mtu, ukimzuia mahali, atatengeneza kitu.

Sasa niseme habari ya Mama Anaeli, maana bila yeye hakuna kompyuta.

Mama Anaeli aliimba. Sisemi aliimba vizuri, wanaoimba vizuri Arusha ni wengi, kila usharika una kwaya tatu na kila kwaya ina kaseti. Aliimba kiasi kwamba wazee waliokuwa wakisinzia waliamka na kutazama nyuma, wakidhani mlango umefunguliwa. Sauti ya kwanza, kwaya ya akina mama. Mumewe hakuweza kuimba hata "amina". Alifungua kinywa tu, kwa heshima. Lakini alikaa benchi la tatu upande wa kwaya kila Jumapili, na wimbo wa akina mama ulipoanza aliinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto. Nilimtazama miaka mingi. Mimi mume wangu alikufa mapema, na sioni aibu kusema nilimwonea wivu Mama Anaeli kwa ajili ya hicho kichwa kilichoinama.

Kisha likaja rovu. Shingo ilianza kuvimba taratibu, akaifunga skafu, kisha skafu kubwa zaidi, hadi chakula kikawa kinapita kwa shida. Madaktari walisema lazima likatwe, na wakasema pia, kwa ukweli ambao nawaheshimu kwa kuusema, kwamba mshipa wa sauti unapita palepale. Anaweza kuamka na sauti yake. Anaweza kuamka bila. Wakampa tarehe, miezi minne mbele.

Mstaafu aliporudi kutoka hospitali alikuja dukani kwangu, akaketi kwenye kiti cha wateja, akagusa kompyuta yangu kwa mgongo wa mkono.

"Mama Steshenari, hii inaweza kushika sauti ya mtu?"

"Inaweza, mzee. Ukiwa na maiki."

"Ikaishika isichakae?"

"Haichakai. Lakini kwa nini usichukue redio kaseti? Ninayo, nakuazima."

Akatikisa kichwa. Kaseti ya harusi yao, alisema, ililiwa na redio mwaka uleule walioirekodi, na yeye alikaa na penseli akiizungusha ndani ya kile kijumba chake, ikatoka imekunjamana, mkewe anasikika kama yuko kisimani. Hakutaka tena kitu kinachosuguana. Tukarekodi kwa majaribio, yeye akahesabu moja hadi kumi, nikamsikilizisha. Akasikiliza akiwa amekunja uso.

"Huo mvumo ni nini?"

"Ni feni, mzee. Feni ya kompyuta."

"Ya kazi gani?"

"Kuipoza. Bila feni inaungua."

Hapo ndipo nilipomwona akifurahi kwa mara ya kwanza tangu apunguzwe. Samahani, tangu astaafu. Alisahau hata kufunika meno. "Feni?" akasema. "Yaani mpaka leo wanapoza kwa feni? Mama, mimi nimepoza mji mzima huu kwa mafuta, bila feni hata moja."

Mtu asiye wa huku hawezi kuonja utamu wa jambo lile. Arusha ni mji ambao mwezi wa saba tunavaa sweta mbili na kupuliza vidole. Na katika mji huo, mzee mmoja aliamua kupoza kompyuta.

Aliinunua ikiwa imetumika, kwenye mnada wa ofisi fulani ya wageni waliokuwa wanafunga virago. Akaenda kwa fundi wa vioo anayetengeneza makabati ya chipsi, akaagiza sanduku la kioo lisilovuja. Fundi akampongeza kwa kuingia kwenye biashara. Mstaafu hakumsahihisha, na kwa kosa hilo habari zikaenea hadi sokoni kwamba Mstaafu anafungua banda la chipsi, na watu wawili walikuja getini kuomba kazi ya kumenya viazi.

Hapo kuna jambo la mafuta. Mafuta yaliyofaa ni ya transfoma, kila mtu aliyajua, na kila mtu alijua pia yanapatikana wapi, maana kulikuwa na wezi waliopanda nguzo usiku wakayanyonya na kuyauza yakakaangie watu viazi. Mwenzake mmoja wa zamani alimletea dumu, amelifunika kwa gunia. Mstaafu alimfukuza hadi barabarani. "Miaka ishirini na sita sijachukua tone," alisema, akiwa amevaa lile koti.

Basi akaanza na alizeti, maana nayo, alisema, haipitishi umeme. Aliizamisha mashine, bodi na kila kilichoshikamana nayo, ndani ya mafuta ya kupikia, akachomeka kwenye umeme, ikawaka. Nilikuwapo. Nilisimama karibu na mlango kwa ajili ya kukimbia. Ile feni aliisahau ndani, nayo ilizunguka polepole kama mwiko kwenye uji, halafu akaichomoa, na kukawa kimya kabisa, na ile kompyuta inafanya kazi chini ya mafuta, taa ya kijani inawaka mle ndani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumcheka. Sikuyatumia siku ile.

Niliyatumia baadaye, alizeti ilipochacha. Wiki ya tatu nyumba ilinuka kama banda la chipsi kweli, sisimizi wakajipanga mstari kutoka mti namba mbili, na mafuta yakaanza kupanda. Ndiyo, kupanda. Yaliingia ndani ya nyaya, yakatambaa juu taratibu, yakatokea upande wa pili na kulowesha vitambaa vya kufuma vya Mama Anaeli, vile vyeupe vya mezani. Mama Anaeli alikuja uani kwangu, akanionyesha kimoja kinachodondoka.

"Mdogo wangu, nimeolewa na nani?"

"Na transfoma, dada."

Alicheka hadi akashika shingo kwa maumivu.

Mafuta yaliyofuata ni yale ya kuwapaka watoto wachanga. Alisoma nyuma ya chupa akagundua hayana kitu cha kuchacha. Alizunguka maduka yote ya mjini akinunua katoni baada ya katoni, na ili yasihitajike mengi akaokota mawe laini ya mto Themi, akayaosha, akayaanika wiki nzima na kuyapanga chini ya sanduku. Wauza maduka walianza kuulizana ni mapacha wangapi. Nyumba ikanukia mtoto mchanga. Mama mmoja wa usharika alikuja na vitenge na sukari kumpongeza Mama Anaeli, ambaye wajukuu zake walikuwa shule ya msingi.

Yote haya niliyasimulia dukani kwangu kwa kila mteja, na niliongeza chumvi. Watu walikuja kutoa fotokopi ya kurasa mbili wakakaa saa nzima. Sijivunii. Mle ndani ya mafuta yale mlikuwa na hofu ya mtu, nami nilikuwa nauza kichekesho.

Lakini kosa kubwa halikuwa la kuchekesha. Kompyuta ina ile diski inayotunza kila kitu, na fundi wangu aliwahi kunionyesha kwamba juu yake kuna kitundu kidogo cha kupitisha hewa, na kumeandikwa kisizibwe. Safari hii nilimwona Mstaafu ameizamisha nayo. Nikamwambia. Alinitazama kwa huruma.

"Mama Steshenari, kwenye transfoma hakuna kinachobaki nje. Ukiacha kitu nje ya mafuta, hicho ndicho kitakachoungua."

"Mzee, kina tundu. Kinapumua."

"Kitazoea."

Basi siku ile walirekodi. Mama Anaeli alikuwa bado na nguvu. Aliimba nyimbo nane, na nilisikia kutoka uani kwangu nikaacha kufua. Jioni Mstaafu alikuja uani kwangu, akanieleza zilivyotoka, hazina mvumo hata kidogo, unasikia hadi anavyomeza mate. Alisema hivyo mara mbili: hadi anavyomeza mate. Kesho yake mashine haikuwaka. Diski ilikuwa imekunywa mafuta ikajaa, na nyimbo nane zilikuwa mle ndani zimezama, na hakuna fundi Arusha wala Moshi aliyeweza kuzitoa.

Sikumwambia "nilikuambia". Katika maisha yangu hiyo ni moja ya mara chache. Alikaa barazani siku mbili. Umeme ulikatika, watu wakapiga kelele, "Mstaafu! Vipi?" na kwa mara ya kwanza hakujibu kitu. Wakanyamaza wenyewe, kwa aibu. Mama Anaeli aliniita pembeni akasema, "Mimi hilo koo naliogopa kidogo tu. Ninamwogopea huyu. Wamemwondoa kazini akasema sawa. Hili likimshinda, hatasema sawa."

Zilibaki siku tisa kabla ya hospitali. Siku ya tatu Mstaafu alikuja dukani mapema kuliko mimi, nikamkuta kwenye ngazi. "Niuzie diski," akasema. "Na nionyeshe hilo tundu." Nikamwonyesha. Alilitazama kwa miwani muda mrefu. "Kweli kinapumua," akasema, na hakusema lingine, lakini mtu aliyemjua angejua hiyo ilikuwa kuomba radhi. Diski mpya aliining'iniza nje ya mafuta, juu kabisa, kwa kamba ya kiatu.

Siku ya kurekodi mara ya pili ndiyo watu wa Sekei bado wanaisimulia. Ratiba ya mgao ilitupa umeme tangu saa tatu hadi saa saba mchana, wakati ambao mtaa una kelele kuliko soko. Mstaafu alivaa koti, akapita nyumba kwa nyumba, akaomba saa moja ya kimya. Alimwomba mwenye mashine ya kusaga azime. Yule bwana akasema wateja watahama, Mstaafu akasema, "Nitakuangalizia mota yako mpaka nife." Mashine ikazimwa. Watoto walipelekwa mtoni. Mbuzi namba tatu alifungwa mdomo kwa kitenge. Mimi nilipewa kazi ya jogoo wangu, na kwa kuwa sikuwa na njia nyingine nilikaa chini uani, mfanyabiashara mwenye duka mjini, nimemkumbatia jogoo nimemfunika kanga kichwani.

Nikamsikia Mama Anaeli akianza. Alikuwa amechoka, shingo imembana. Aliimba tenzi mbili za kitabuni, halafu akaimba wimbo wa bibi yake wa kupalilia maharage, wa Kimeru, ambao mimi wa Machame niliusikia nusu na nusu nikabuni. Alipofika katikati pumzi ilimkata, akasimama, akaendelea. Mtaa wote ulikuwa kimya. Nililia juu ya jogoo. Sina maelezo mengine.

Safari hii diski haikuzama. Aliileta dukani imefungwa kwenye taulo, nikamtolea nakala kwenye CD, naye akaandika juu yake namba moja.

Mama Anaeli alipona. Rovu lilitoka, chakula kikapita, shingo ikawa ya mwanamke wa miaka thelathini na kovu tu kama mkufu. Sauti haikurudi. Kilirudi kitu kingine, mkwaruzo, pumzi yenye maneno ndani yake. Hakuweza tena kuniita kutoka jikoni. Alikuja hadi uani kuniambia ni mti namba ngapi.

Na hapa ndipo nilipoona jinsi Mungu anavyotania. Mtu alipigana na feni, na wezi wa mafuta, na sisimizi, na mashine ya kusaga, akaiokoa sauti ya mkewe, halafu mkewe akakataa isisikike. Alimruhusu aicheze mara moja. Alisikiliza wimbo mmoja, akainuka, akazima kwenye soketi. "Nyumba hii ina mwanamke mmoja," akasema kwa huo mkwaruzo wake. Tangu siku hiyo sanduku la kioo lilikaa sebuleni limefunikwa kitambaa cha kufuma na chombo cha maua ya plastiki juu yake.

Ndipo Mstaafu akaanza kuja dukani kwangu kila Jumamosi saa nne. Alikuja na CD ndani ya koti. Nilimpa kompyuta ya pembeni na spika za masikioni, akaketi akiwa ameipa barabara mgongo, akainamisha kichwa upande wa kushoto. Dakika kumi na nne. Halafu alishukuru akaondoka. Sikumtania hata mara moja, na iliniuma, maana nilikuwa na maneno mazuri sana.

Ilikwenda hivyo miaka mitatu. Mji huu una macho. Mzee anayekwenda kila Jumamosi kwa mjane, anakaa robo saa, anatoka akiwa ameloa macho, wanawake wa usharika hawakuhitaji kuongezewa kitu. Nilijua wanasema. Ningeweza kujitetea kwa sentensi moja, lakini sentensi hiyo ingemfikia Mama Anaeli, na siri haikuwa yangu.

Minong'ono ilimfikia vyovyote. Jumamosi moja aliingia dukani, amevaa vizuri, ameshika mkoba mbele kwa mikono miwili. Wateja wawili wakatoka bila kuambiwa. Mstaafu hakumsikia, alikuwa amefumba macho. Mama Anaeli alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akatazama zile nyaya zinazotoka masikioni, na uso wake ukabadilika. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa jambo jepesi zaidi.

"Ni nini anasikiliza, mdogo wangu?"

Nilichomoa waya.

Duka likajaa sauti yake. Ilikuwa ule wimbo wa maharage. Mstaafu alifumbua macho, akamwona mkewe mlangoni, akaanza kuinuka, akaketi tena. Hakuna aliyezima. Mama Anaeli alisikiliza akiwa amesimama hadi mwisho, hadi pale pumzi ilipokatika, hadi ilipoendelea.

"Nilikosea pale," akasema. Tulilazimika kusogea ili tumsikie. "Nilikata neno katikati."

"Miaka yote hii," Mstaafu akasema, "mimi sijasikia kosa."

"Utalisikiaje? Unanisikiliza kama mtu wa msibani." Alitua mkoba wake juu ya fotokopi yangu. "Baba Anaeli, mimi sijafa."

Alisema bila hasira. Mzee alifungua mdomo, akaufunika kwa mkono kama alivyofunika meno yake maisha yote, na mabega yakaanza kutikisika. Mkewe alimsubiri amalize. Kisha akamshika kwapani akamwinua, wakatoka, na CD ikabaki ndani ya mashine yangu. Niliiweka kwenye droo. Jumamosi iliyofuata hakuja kuichukua, wala iliyofuata.

Nilikutana nao mara ya mwisho kabla sijahamia kwa mwanangu. Walikuwa wanashuka barabara ya kwetu kutoka kanisani, polepole, yeye anaongea kwa ule mkwaruzo, na mzee amejikunja ubavuni kwake, sikio karibu na mdomo wake, wanagongana mabega kila hatua. Nikasimama, nikasalimia kwa sauti kubwa kama kawaida yangu.

"Shikamoo, Mstaafu!"

Aliinua mkono bila kunitazama.

"Subiri, Mama Steshenari," akasema. "Hajamaliza."